Siku Tatu Alizopewa Mkufu

Siyu
Jumapili, 9 Juni 2024

Ndugu yangu Uthman,

Mkufu amekufa. Nilimkuta Jumanne tarehe 4 mwezi huu, saa kumi na robo alasiri, ndani ya ghala la ngozi, siku ile ile uliyoondoka asubuhi. Utanisamehe kutanguliza maiti mbele ya salamu.

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mwanao Hayat ni mzima na amenenepa kidogo, jambo ambalo fundi wa nguo kule Lamu hakulitegemea. Kampima mara mbili, mimi nikampima mara ya tatu, tukamkuta kakosea inchi moja kiunoni. Bi Alawiya, mama yake bwana harusi wetu Zaki, alikuja Alhamisi kama tulivyoagana, yeye na dada zake wawili. Wamekula, wamesifu, wametazama dari na sakafu kama watu wanaonunua nyumba. Wameridhika. Nikaha ni Ijumaa tarehe 18 Oktoba inshallah, msikitini, na karamu ni hapa kwangu.

Sasa narudi kwa Mkufu. Najua utasema "nyoka tu", kwa hivyo nakukumbusha. Nilimtoa ndani ya mzigo wa ngozi za mbuzi mwezi wa Machi 2015, mwembamba kama mkufu wa mtoto, ndipo nikamwita hivyo. Hana sumu. Hajamuuma mtu. Mwaka ule kabla yake panya walinitafunia ngozi thelathini na moja. Miaka tisa aliyokaa yeye, ngozi nne tu. Ngozi za ghala hilo ndizo nilizoshonea viatu tangu marehemu mume wangu Bwanamkuu aniache na nyundo moja na shoka la kuni, na ndizo zilizomlea Hayat tangu uniletee ana miaka sita.

Hakuwa na jeraha. Hakuvimba. Alikuwa amelala amenyooka, kichwa kimeingia kwenye ufa wa chini ya mlango. Unamjua alivyokuwa akilala, amejikunja kama kamba mpya. Sijamwona amenyooka isipokuwa nikimpima.

Jeilani, fundi wangu, kwa nia njema aliniuliza kama ngozi yake tuipake chumvi. Nilimtazama, akarudi kwenye kisu chake. Nimemzika nyuma ya ghala, chini ya mkomamanga. Majirani wamenipongeza. "Hongera, Bi Radhiya, Mngu kakuondolea balaa." Nimehesabu hongera kumi na moja. Pole nimepewa moja, na Hayat.

Wewe ndiye uliyebaki na nyumba siku zile tulizokuwa Lamu kwa ajili ya nguo, na funguo mbili ulikuwa nazo, ya nyumba na ya ghala. Nieleze tu uliona nini. Nakuandikia wala sikupigii, kwa sababu mtandao wa Kiunga hukatika kila ninapokuuliza jambo. Barua anayo Idarus, nahodha wa mashua ya samaki.

Ni mimi dadako,
Radhiya


Kiunga
Jumapili, 30 Juni 2024

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Radhiya,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifikia baada ya Iddi. Idarus aliisahau ndani ya koti lake la mvua, na mvua ikakata, koti likabaki msumarini. Mlaumu yeye.

Iddi yetu ilikuwa njema. Tulichinja beberu mmoja tukagawa nyumba tano. Mke wangu Nasreen anakusalimu sana na anauliza kama leso za karamu ziwe za rangi moja au kila upande rangi yake. Mguu wangu ule wa kushoto ungali unaniuma nikipanda ngazi. Mwalimu wetu hapa amerudi kutoka Umra na kutuletea tende, nimekuwekea kilo moja, kama Nasreen hatazimaliza. Nimefurahi mno kusikia Bi Alawiya ameridhika. Watu wa Mkomani kule Lamu hawaridhiki upesi, na mtoto wa kike hana ngao ila jina la nyumba anayotoka.

Kuhusu yule mdudu wako, pole. Naisema kwa moyo, sasa una pole mbili. Lakini dada, miaka tisa kwa nyoka ni mingi. Kila chenye roho kina siku yake. Labda alikula panya aliyekula sumu kwa jirani. Mimi nilikaa ukumbini na mguu wangu, nikasoma, nikalala. La kuona sikuliona.

Na nikwambie jambo, usinikasirikie. Alipofariki shemeji Bwanamkuu, Mungu amrehemu, hukuniandikia barua ndefu kama hii.

Tuangalie ya harusi. Yaliyopita yamepita.

Nduguyo,
Uthman


Siyu
Jumapili, 14 Julai 2024

Uthman,

Salamu zimefika na tende hazijafika. Mwambie Nasreen leso ziwe rangi moja, rangi mbili ni ugomvi. Hayat ameanza kupakwa liwa ya harusi na somo yake anayemfunda, nyumba nzima inanukia. Chokaa ya ukumbini nitaipiga mwenyewe mwezi wa Septemba. Basi, habari za nyumbani zimekwisha.

Umesema alipokufa Bwanamkuu sikukuandikia barua ndefu. Bwanamkuu alikufa na karatasi ya daktari mkononi iliyosema ni figo. Watu walikuja siku tatu, wakarudi siku ya arubaini, wakakaa nami mkekani, kila mmoja akanishika mkono. Kulikuwa na la kukuandikia? Huyu amekufa bila sababu, na kumlilia nimefanyiwa aibu. Nalilia jikoni na kitunguu mkononi, ili Jeilani akiingia aone kitunguu.

Sasa tuhesabu, maana kwa hesabu hatutagombana.

Daftari langu liko hapa. Mkufu nilimpima kila tarehe mosi ya mwezi. Tarehe 1 Mei alikuwa na gramu 391 na urefu sentimita 104. Alijivua gamba tarehe 19 Mei, zima, kutoka puani mpaka mkiani, gamba la arubaini na saba. Nyoka mgonjwa hajivui hivyo, hutoka vipande vipande. Tarehe 28 Mei alikula panya mmoja mbele ya macho yangu. Kama panya yule alikuwa na sumu, angekufa tarehe 29, au 30, hangengoja mimi niende Lamu. Na nilipomkuta nilimpima tena. Gramu 402. Hakukonda. Wa uzee hukonda.

Lingine. Katika barua ya kwanza kuna jambo sikulitaja, makusudi. Nilitaka ulitaje wewe. Nilipofungua ghala siku ile nilipigwa usoni na ubani. Si harufu ya ngozi, niliyoizoea mpaka siisikii. Ubani. Kopo langu la ubani nililiacha limejaa, nikalikuta nusu. Debe la makaa lilikuwa limejaa, nikalikuta limepungua vidole vinne. Jivu limemwagwa nyuma ya choo, bado lina joto kidogo nilipotia mkono. Na kidirisha cha juu cha ghala, kile kisichofika mtu ila kwa ngazi, kimezibwa kwa gunia. Mguu wako wa kushoto ungali ukikuuma ukipanda ngazi?

Ghala lile ni futi tisa kwa saba. Kuta zake zimelainishwa chokaa, Mkufu alikuwa hawezi kuzipanda. Tundu la maji lina wavu wa chuma, ili asitoke akauawa na watoto wa jirani. Panya hushuka kwa boriti, yeye boriti hakuzifikia. Hakuwa na njia ila mlango.

Panya wa kwanza amerudi siku ya kumi na moja. Namsikia. Jeilani ameniletea paka. Paka amelala juu ya ngozi, amenenepa kuliko Hayat.

Jibu.

Radhiya


Siyu
Jumapili, 18 Agosti 2024

Uthman,

Assalaam alaykum. Wote wazima.

Idarus ameapa mbele yangu kwamba barua ya Julai alikutia mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaikunja mara nne. Kutoka siku hiyo zimepita siku thelathini na moja. Ametoka Kiunga kuja huku safari sita, na mara zote sita umemtuma salamu za mdomo na samaki. Samaki nimewagawa.

Hayat ananiuliza mbona baba hanitaji tena katika simu zake. Nimemwambia baba ana shughuli. Huu ni uongo wa kwanza kumwambia mtoto huyu katika miaka kumi na sita, na nimeusema kwa ajili yako.

Radhiya


Kiunga
Jumapili, 1 Septemba 2024

Dada Radhiya,

Wa alaykum salaam. Nasreen hakuwa mzima, homa, sasa ameamka, alhamdulillahi. Leso zimefika kutoka Mombasa, ni za rangi moja. Nimeambiwa bahari itakuwa tulivu Oktoba, wageni wa huku watakuja kwa mashua mbili. Tende amezimaliza Nasreen kwa homa yake.

Unanihoji kama askari wa kituo. Mimi ni mdogo wako lakini nina mvi, na nina haki ya baba. Haya, sikiliza.

Uliniacha na nyumba Ijumaa. Baada ya swala nilikaa barazani na wazee. Mmoja, simtaji, akaniambia: "Uthman, hawo watu wa Lamu waja Alkhamisi. Wamesikia dadako afuga jini ghalani?" Akacheka, na wote wakacheka. Mimi sikucheka. Dada, unajua wanavyokuita? Mwanamke asiye na mume, anayefanya kazi ya wanaume ya ngozi, na nyoka anamlindia mali. Unafikiri viatu vyako vinavyosifiwa, wanasema ni mkono wako? Wanasema ni yule aliye ghalani. Wewe husikii kwa sababu watu wanakuogopa. Bi Alawiya angesikia neno moja tu, angeinua buibui lake na kurudi chomboni, na mwanangu angebaki na liwa yake.

Nilimpigia mwalimu wetu hapa Kiunga. Akaniambia yanayojulikana, na wewe ulisoma chuoni pamoja nami unayajua: nyoka wa nyumbani hapigwi ovyo, huenda si nyoka. Huonywa siku tatu. Asipotoka, basi.

Nikamwonya. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, kila siku baada ya alfajiri, nikiwa na udhu wangu. Nilisimama mlangoni pa ghala nikamwambia kwa adabu: kwa ahadi mliyompa Nabii Nuhu na Nabii Suleiman, msituudhi, tokeni nyumba hii. Siku ya nne, Jumanne asubuhi, nilitia chetezo kikubwa na makaa, nikafukiza ubani ili aone vibaya kukaa aende zake. Kuziba kidirisha ni ili moshi usipotee. Kisha nikachelea kuachwa na mashua, nikatoa chetezo, nikafunga, nikaondoka. Sikumgusa. Sikuinua fimbo. Nilimfanyia kama yalivyoelekezwa, neno kwa neno. Kama alikufa, aliyemchukua ni aliyemuumba.

Na matokeo yake si umeyaona? Bi Alawiya aliridhika. Mtoto anaolewa. Nilitarajia siku moja unishukuru.

Hayat ni wangu, Radhiya. Nilikupa umlee, sikukupa.

Uthman


Siyu
Jumapili, 22 Septemba 2024

Uthman,

Assalaam alaykum. Ukumbi umepigwa chokaa, mara mbili. Maulidi yamepita salama, vijana wamerudi kutoka Lamu wamekauka sauti. Paka amerudi kwa Jeilani. Ngozi zilizotafunwa tangu Juni ni tisa.

Ahsante kwa kusema. Barua tatu zilihitajika lakini umesema, na nakupa haki yako: kuhusu Hayat ulikuwa na hofu, na hofu ya baba siidharau. Ungenijia ukaniambia, "Dada, watu wanasema hivi, mtoe," ningemtoa. Ningemtia ndani ya kikapu nikampeleka kwa mtu wa Kizingitini mwenye ghala la nyavu, ambaye ameniomba mara mbili. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini ungelazimika kuniomba, na wewe kwangu kuomba umechoka. Hilo nalijua tangu siku uliyoniletea mtoto na mfuko wake wa nguo, ukaangalia chini.

Na uniruhusu kukupa habari ya Bi Alawiya. Siku ile Alhamisi, baada ya kula, aliniuliza mwenyewe: "Na yule nyoka wenu wa ngozi yuko wapi, nimuone? Kwetu Mkomani ghalani panya wametushinda." Zaki alishamwambia mwaka jana. Alikuwa akija kumtazama. Nilimwambia amekufa juzi, akanishika mkono. Kwa hivyo pole zangu ni tatu ukihesabu yako, na ya kwako sijaihesabu.

Sikukuandikia hili mapema. Sikutaka ukimbilie kuungama kwa sababu umeona ilikuwa bure. Nilitaka uungame kwa sababu ni kweli.

Sasa lililobaki.

Unasema ulifanya kama ilivyoelekezwa, neno kwa neno. Nimeyasoma maneno hayo chuoni pamoja nawe, mkeka mmoja, na wewe ulikuwa ukinakili kwangu. Kuonya ni kumpa mtu nafasi. Unamwambia aende, ana pa kuendea, anachagua. Ndiyo maana zikawa siku tatu, si saa tatu. Anayeonywa hupewa njia. Asiyepewa njia hakuonywa, kasomewa hukumu tu.

Funguo zangu mbili huzifunga kwa ukanda wa ngozi nilioshona mwenyewe. Kila ninapofungua ghala na kurudi, nafunga ukanda kwa fundo langu la mshonaji, la mizunguko mitatu, kazi ya mkono, mtu mwingine hawezi kulirudia. Nilikuachia Ijumaa na fundo hilo. Kufungua kufuli la ghala ni lazima ulifungue fundo, maana ufunguo wa pili uko ndani yake. Jumanne nilikuta umefungwa fundo la kawaida. Basi fundo lilifunguliwa. Sijui siku gani. Jumamosi ulipoanza kumwonya? Au Jumanne tu, ulipoingiza chetezo?

Kwa maana umeandika "nilisimama mlangoni". Hukuandika "nikafungua".

Na ule wavu wa tundu la maji. Nilisema katika barua ya Julai kwamba upo, sikusema aliyeugongomea. Ni wewe, Uthman. Desemba 2017, ulipokuja kumwona Hayat, misumari minane, ukajipiga kidole gumba tukakicheka mpaka magharibi. Ulijua kwamba hakuna mwanya. Uliuziba kwa mkono wako.

Nimekwambia nilimkutaje. Rudi uisome ile barua ya kwanza kama hujaichana. Amenyooka, sentimita mia na nne, kichwa ndani ya ufa wa chini ya mlango. Ufa ule ni upana wa kidole changu kidogo, yeye kichwa chake kiliingia, mwili haukuingia. Mimi miezi mitatu nilidhani alikuwa akifuata hewa. Huenda. Lakini tangu barua yako ya Septemba nimekuwa nikiona jambo jingine nikifumba macho. Kwamba mtu alisimama upande wa pili siku tatu, akamwambia toka, na kiumbe kile kikaja mpaka mlangoni kutoka. Alitii, Uthman. Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo.

Hayat hajui. Hatajua kutoka kwangu. Harusi iko pale pale na karamu iko hapa, mwanao atatoka nyumba hii kwa heshima zote, mia mbili na arubaini wamealikwa na hakuna atakayepunguzwa. Wewe ndiye walii wake; tarehe 18 utamwozesha msikitini, hilo ni haki yako na sitalitia mkono. Ninachozungumza ni kizingiti changu. Baada ya nikaha wanaume watakuja hapa kula, na baba wa bibi harusi hutangulia mbele yao. Nataka kujua nani anayetangulia kuingia kwangu: mtu aliyekosea, au mtu aliyejua.

Aliyekosea nitampokea. Nitamnawisha mikono mwenyewe. Aliyejua, Hayat ataambiwa babake mguu unamuuma, amekaa msikitini, na chakula chake atapelekewa huko na sinia la kwanza.

Usiniandikie habari za Nasreen, wala bahari, wala mwalimu. Usimtume Idarus na samaki. Swali ni moja. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, ulipokuwa ukimwambia atoke, mlango wa ghala ulikuwa wazi au ulikuwa umefungwa?

Idarus atatia nanga hapa Siyu Alhamisi tarehe 10 Oktoba, maji yakijaa, saa sita mchana. Nitakuwa gatini. Nataka karatasi yenye neno moja.

Radhiya